Nungunungu, mbwa na shamba la muhogo: kinga iko chini ya uzio

Asubuhi unakuta shina la muhogo limeegama, majani bado mabichi. Ukilishika linanyanyuka lote kama fimbo iliyochomekwa mchangani, maana chini hakuna kitu. Mizizi minono imeliwa palepale ardhini, yamebaki maganda na vincha. Pembeni pana shimo lisilozidi kina cha kiwiko, limefukuliwa upande mmoja tu, na hatua chache mbele umelala mwiba wenye mapingili meusi na meupe. Nyumbani mbwa hajatoka kumlaki mtu. Yuko chini ya gari, anajikuna uso kwa mguu, na puani ana miiba minne.

Huyo ni nungunungu. Kwa Dar es Salaam anakutana na watu kule mji unakoingia kwenye vichaka na mabonde: Chanika, Msongola, vilima vya Pugu, Mabwepande na bonde la Mto Mpiji, na ng'ambo ya Kigamboni kuelekea Kimbiji na Pembamnazi. Viwanja vinapimwa, nyumba mbili tatu zinajengwa, vingine vinaachwa vichaka miaka na miaka, na katikati ya vichaka hivyo mtu kapanda muhogo, viazi vitamu na maboga. Nungunungu anapata makazi na chakula mahali pamoja.

Tatizo ni kwamba anayetafuta msaada hupewa dawa za kila namna: oili chafu, pilipili, sumu, tanzi, na kukata mwiba ili "upumue". Nyingi hazifanyi kazi, baadhi zinaua mbwa haraka kuliko miiba yenyewe, na chache zinaweza kukufikisha mahakamani. Ili kuzichambua, ni lazima kwanza kumjua mnyama mwenyewe.

Si yule wa Marekani

Maelezo mengi yanayosambaa mtandaoni yanamhusu mnyama mwingine. Nungunungu wa Amerika Kaskazini ni mpanda miti. Huguguna mbao za nyumba na mipini ya majembe akitafuta chumvi, ana miiba midogo inayokadiriwa kufikia 30,000, na ncha ya kila mwiba ina vishikizo visivyoonekana kwa jicho, mfano wa ndoana, vinavyousukuma mwiba uzidi kuzama kila msuli unapojikunja. Ushauri wa kuzungushia miti bati na kupaka mbao dawa umetungwa kwa ajili yake, na vilevile ule wa kung'oa mwiba dakika hiyohiyo popote ulipo.

Wa kwetu ni ukoo mwingine. Tanzania ina spishi mbili, Hystrix cristata na Hystrix africaeaustralis, zinazofanana kiasi kwamba mkulima hana haja ya kuzitofautisha. Ndiye mkubwa kuliko wanyama wote wa jamii ya panya barani Afrika: kilo 10 hadi 25, na wengine huzidi hapo. Haparamii miti, kazi yake ni kuchimba. Hutoka giza likishaingia, hutembea kilomita kadhaa kwa njia alizozizoea, na hurudi shimoni kabla ya alfajiri. Usiku wa mbalamwezi hupunguza kutembea, kwa hiyo hasara kubwa shambani hutokea siku za giza la mwezi. Dume na jike huishi pamoja kwa muda mrefu na watoto wao, na shimo wanalolala mara nyingi lilichimbwa na muhanga, yule mnyama anayekula mchwa, kisha wao wakalitanua.

Miiba yake ni ya aina zaidi ya moja, na hapa ndipo penye maana kwa mwenye mbwa. Ile mirefu inayoonekana kwa mbali, inayoweza kufika sentimita 50, ni myembamba na inapinda. Kazi yake ni kumfanya aonekane mkubwa. Chini yake imejificha mingine mifupi, minene na migumu, isiyopinda. Hiyo ndiyo inayoingia mwilini mwa mbwa. Kwenye mkia kuna ya tatu, mitupu ndani na iliyo wazi mwishoni kama vikombe, ambayo akiitikisa hulia kama kayamba.

Wengi huamini kwamba huirusha miiba kama mishale. Hairushi. Mwiba ni unywele uliokakamaa, umejengwa kwa kitu kilekile cha kucha zetu, na hakuna msuli wa kuufyatua. Anachofanya ni kusimamisha miiba, kupiga miguu ya nyuma chini, kupiga kayamba lake la mkiani na kunguruma. Asipoachwa, anageuka ghafla na kukimbia kinyumenyume au kiubavu kumwelekea adui. Mbwa anayemkimbiza kwa nyuma hukuta aliyekuwa anakimbia amesimama na kurudi. Ndiyo maana majeraha mengi huwa puani, mdomoni, kifuani na miguu ya mbele.

Mwiba wa nungunungu wetu hauna vile vishikizo vya ndoana. Hutoka kwa urahisi zaidi kuliko wa Marekani, lakini huingia ndani zaidi. Hesabu jeraha lake kama la kuchomwa na spoku ya baiskeli: tundu dogo juu, njia ndefu chini, na uchafu wa shimoni umepelekwa hadi mwisho wa njia hiyo. Simba na chui nao hudhurika kwa miiba hiyo.

Jambo moja zaidi kabla ya kuendelea: kalunguyeye si nungunungu mdogo. Yule mdogo anayejikunja akawa mpira, miiba mifupi kama ya brashi, anakula wadudu na hachimbi muhogo wa mtu. Tafadhali asiuawe kwa makosa ya mwingine.

Mbwa amechomwa: saa ya kwanza

Mfunge kamba na umtulize kwanza, kabla ya kutazama miiba. Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata aliyemlea, na akiachwa huru atajisugua ardhini na kuivunjia miiba ndani. Kama mdomo hauna miiba na anapumua vizuri bila kutapika, mfunge mdomo kwa kitambaa laini, mzunguko mmoja juu ya pua, mwingine chini ya kidevu, kisha fundo nyuma ya masikio. Kama mdomo una miiba, usimfunge. Mvike taulo nene shingoni na mtu mwingine amshike kichwa.

Sasa hesabu miiba, na uandike idadi kwenye simu. Pitisha kiganja polepole kinyume cha manyoya kutoka kichwani hadi kifuani, makwapani, nyuma ya viwiko na katikati ya vidole. Mwiba uliokatika usawa wa ngozi hauonekani, lakini kidole kinaugusa kama kibanzi.

Kisha angalia kila mwiba bila kuushika. Ukiona unacheza kwa kila pumzi au kwa mapigo ya moyo, umefika kifuani na usiuguse. Mwiba huo umeziba tundu ulilotoboa wenyewe. Ukiuchomoa, hewa huingia kati ya mbavu na pafu, na pafu husinyaa mbwa akiwa mikononi mwako. Hali ni hiyohiyo kwa mwiba wa tumboni, shingoni, jichoni na kwenye kiungo cha mguu. Iache yote mahali pake. Sokota kitambaa duara kama kata ya kubebea ndoo kichwani, ukizungushie mwiba ili kitu chochote kisiusukume ndani, mlaze mbwa ubavu ulio mzima, na safari ya kwa daktari wa mifugo ianze. Kwa kuwa miiba hii haina ndoana, saa moja ya foleni kutoka Chanika mwiba ukiwa mahali pake ni salama kuliko kuung'oa kwa pupa. Siku tatu za kusubiri ni kitu kingine, na huko ndiko usaha unakozaliwa.

Ile ya kutoa nyumbani ni michache: isiyozidi mitano, iliyo kwenye ngozi ya bega, paja au mguu mbali na kiungo, na ambayo ukivuta ngozi kidogo inafuatana na ngozi. Chemsha koleo lenye meno dakika 10. Vaa glovu, washa taa, weka bakuli pembeni. Mkono mmoja ubonyeze ngozi kuzunguka mwiba, mwingine ushike mwiba kwa koleo karibu kabisa na ngozi, uvute kwa mkupuo mmoja kufuata mstari ulioingilia. Usiuzungushe wala kuutikisa, kwa sababu kutikisa ndiko kunakovunja ncha. Kila unaotoka utazame: ncha nzima ni nyembamba na kali kama sindano. Ikiwa imekatika butu, kipande kimebaki ndani, na hiyo inatosha kumpeleka kwa daktari hata kama mbwa anachezesha mkia. Uweke kwenye bakuli, na mwishoni idadi ya bakuli ilingane na idadi uliyoandika.

Usikate mwiba kwa mkasi. Hiyo imani kwamba mwiba una hewa, ukikatwa unalegea, haina ukweli wowote. Ndani yake kuna kitu chepesi kama sifongo. Ukiukata hupasuka vibanzi na unapoteza pa kushika.

Osha matundu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kilichopigwa sawa na ukingo. Kama una ile dawa ya kahawia ya vidonda yenye ayodini, izimue kwa maji hadi iwe na rangi ya chai ya rangi iliyo nyepesi. Usitie spiriti, mafuta ya taa, majivu wala unga wa betri. Usizibe matundu kwa plasta na usimruhusu mtu ayashone: jeraha refu na jembamba likifungwa juu, vijidudu hubaki chini pasipo hewa na kufanya jipu.

Dawa za maumivu za binadamu ni hatari kwake. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo, na parasetamoli huumiza ini. Dawa ya maumivu iliyo salama kwa mbwa ipo kwa daktari wa mifugo, na kipimo chake hutegemea kilo za mbwa.

Miiba ya usoni na mdomoni ni ya daktari hata ikiwa miwili. Mbwa atahitaji sindano ya usingizi ili ulimi, kaakaa na koo vikaguliwe, kwa hiyo usimpe chakula tangu ulipogundua. Maji kidogo hayana neno. Mweleze daktari idadi ya miiba, saa ya tukio, saa aliyokula mara ya mwisho, na tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Hilo la mwisho ni la kila pambano na mnyamapori. Kama chanjo imepita mwaka, irudiwe.

Baada ya hapo kazi haijaisha. Kwa wiki mbili mguse kila siku palepale palipochomwa. Uvimbe wa moto, tundu linalotoa majimaji, kuchechemea upya, kukataa chakula au kupumua kwa haraka ni dalili kwamba kuna kipande kimebaki au usaha unajikusanya. Fizi zikiwa nyeupe au akipumua mdomo wazi akiwa amelala, hapo hakuna kusubiri asubuhi. Dawa za kuua vijidudu zimalizwe siku zote zilizoandikwa, hata kama mbwa ameshaanza kubweka.

Tena, usitegemee kwamba amejifunza. Mbwa wengi hurudi kwa nungunungu huyohuyo, na wengine huenda kwa hasira zaidi. Kinga ya kweli ni mbwa kuwa ndani ya uzio kuanzia saa 12 jioni, au bandani, na nungunungu kuwa nje yake.

Hakikisha ni yeye

Usitumie fedha kwa mnyama asiye wako. Nguruwe pori hulima eneo zima kama jembe la ng'ombe na huacha kwato zilizogawanyika mara mbili. Fuko hutokea chini na kuacha vichuguu vya udongo laini juu. Panya buku hutoboa mzizi tundu dogo la duara na kubeba vipande hadi shimoni kwake. Tumbili ni wa mchana, hung'oa, huonja, hutupa. Mwizi wa miguu miwili hung'oa shina zima, hukata mizizi vizuri na kuondoka nayo.

Nungunungu hula mezani, yaani palepale anapochimba. Mashimo yake ni mafupi yenye umbo la faneli, na kwenye masalia ya mzizi au boga utaona michirizi miwiliwili iliyokwenda sambamba, mipana, ya meno ya mbele. Kinyesi chake ni mafungu ya vidonge virefu vyenye nyuzinyuzi, umbo la kokwa za tende. Kwenye mchanga wa Kigamboni unaweza kufanya jambo rahisi: lainisha kwa reki ukanda wa mita moja kwenye upenyo unaoutilia shaka jioni, usome nyayo alfajiri. Nyayo zake ni za unyayo mzima kama za mtoto, vidole vinne vinaonekana mbele na vitano nyuma, na pembeni mara nyingi kuna michoro myembamba ya miiba iliyoburuzwa.

Anaharibu pia vitu visivyo chakula. Meno yake ya mbele hayaachi kukua, hivyo ni lazima agugune. Mipira ya umwagiliaji iliyo juu ya ardhi hutobolewa. Ifukie angalau sentimita 30, au pale inapotokeza uivike bomba la chuma. Magome ya miti michanga nayo huliwa chini kabisa. Gome likiondolewa upande mmoja mti huweza kupona. Likiondolewa duara zima, chakula kinachotengenezwa na majani hakifiki tena mizizini, na mti hufa taratibu ukiwa umesimama. Zungushia mche wavu wa waya wenye urefu wa sentimita 75, uliozama sentimita 20, usioligusa shina.

Anachofuata uani kwako

Shamba lina muhogo, hilo linaeleweka. Lakini kwa nini anaingia hadi karibu na banda la mbwa? Mara nyingi jibu ni mifupa. Nungunungu hukusanya mifupa na kuiguguna kwa ajili ya madini na kunoa meno. Midomo ya mashimo yake hukutwa na mifupa iliyochongwa kama na patasi. Mtu analeta mifupa kutoka buchani, mbwa anatafuna nusu, iliyobaki inalala uani wiki nzima. Hivyo chakula cha mbwa ndicho kinachomwita adui wa mbwa. Kusanya mifupa yote kabla ya magharibi na uitie kwenye pipa lenye mfuniko. Hiyo haigharimu shilingi, na ni hatua ya kwanza kuliko zote.

Maembe yaliyoanguka, maganda ya fenesi, pumba iliyomwagika kwenye banda la kuku na jaa la jikoni vyote vina mvuto huohuo. Kwa muhogo wenyewe, kumbuka kwamba kuuacha ardhini kama ghala baada ya kukomaa ni kumwekea yeye. Ukishafika miezi ya kuvunwa, anza na mistari inayopakana na kichaka, kisha uingie ndani. Fyeka ukanda wa mita tatu hadi tano kati ya kichaka na shamba. Hapendi kuvuka uwazi, na wewe utaona njia zake. Wapo wanaopanda muhogo mchungu kandokando kwa kuwa wanyama huukwepa. Hata wakiukwepa, mtoto au mgeni akiuchimba na kuuchemsha kama mtamu anaweza kupata sumu, hivyo karibu na makazi hatushauri.

Taa na redio? Humshtua siku chache, kisha huzizoea.

Uzio: hesabu iko chini ya ardhi

Watu hutumia fedha nyingi kwenda juu. Nungunungu haruki wala hapandi. Kimo cha sentimita 90 kinatosha. Anapitia chini, na uzio wa mita mbili ulioishia usawa wa ardhi kwake ni kama mlango.

Chukua wavu wa waya wa kuchomelewa au ule wa kusukwa wenye upana wa mita 1.5, matundu yasiyozidi sentimita 5 na unene wa waya usiopungua milimita 2.5. Sentimita 90 ziwe juu. Chimba mfereji wa kina cha sentimita 30 na upana wa 30, ushushe wavu sentimita 30, kisha zile 30 za mwisho uzikunje kuelekea nje, upande anakotoka yeye, zilale chini ya mfereji kama umbo la herufi L. Fukia na ushindilie. Nungunungu huanza kuchimba pale anapokutana na kizuizi, mguuni mwa uzio. Anashuka, anakuta waya umelala chini ya miguu yake, na hana akili ya kurudi nyuma hatua mbili aanze upya. Ukikunja kuelekea ndani, kazi yote ni bure.

Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30 mzunguko ni mita 100, na nguzo za kila mita 2.5 ni 40, zilizochimbiwa nusu mita. Uliza dukani roli lina mita ngapi, maana hazilingani, na uongeze mita 3 au 4 za kupishanisha maungio. Wavu wa kuku usinunue, anaukata kwa meno. Na ukiwa karibu na bahari, kwa mfano Kimbiji, chumvi ya hewa na unyevu hula waya usio na zinki ya kutosha, hasa ile sehemu ya chini usiyoiona. Bora eneo dogo lenye waya mzuri kuliko shamba zima lenye waya wa bei rahisi: zungushia ekari robo ya viazi na mboga, muhogo uliobaki uulinde kwa kuvuna mapema.

Penye ukuta wa tofali, kagua mambo matatu. Msingi uliofunuliwa na mvua za masika, ambao chini yake mtu anaweza kupitisha mkono, ujazwe zege. Matundu ya kutolea maji ya mvua yawekewe nondo zilizoachana sentimita 7. Na geti: chini yake kila mtu huacha nafasi ya kupitisha maji, na mara nyingi hiyo ndiyo njia. Mwaga kizingiti cha zege chenye kina cha sentimita 30 upana wote wa geti, na uwazi usizidi sentimita 5.

Uzio wa umeme hufaa shamba kubwa, ukifungwa sawasawa. Miiba haipitishi umeme, hivyo ni lazima aguse kwa pua: waya wa kwanza sentimita 15 kutoka ardhini, wa pili 30, wa tatu 45. Unahitaji mashine maalumu ya kutoa mapigo mafupi, moja kila baada ya sekunde moja hivi, inayoendeshwa na betri ya volti 12 na sola. Kinachoharibika mara nyingi ni ithi, yaani vile vyuma vinavyounganisha mashine na ardhi. Mchanga mkavu wa kiangazi haupitishi umeme vizuri, mashine inalia tik tik, mnyama anagusa wala hashtuki. Zika vyuma vitatu vya mita moja na nusu au zaidi vilivyoachana mita tatu, mahali penye unyevu, kwa mfano panapomwagwa maji ya kuoshea, na uvimwagilie Agosti na Septemba. Majani yakigusa waya wa chini nguvu inavuja, kwa hiyo fyeka kila wiki wakati wa mvua.

Kuunganisha waya wa uzio moja kwa moja na umeme wa nyumbani ni kuua. Mapigo ya mashine hukatika kila sekunde na mtu anajinasua. Umeme wa nyumbani wa volti 230 humshika asiachie. Atakayeukuta usiku huenda akawa mtoto wa jirani anayefuata mbuzi. Usifanye, na ukiona umefanywa, toa taarifa.

Sumu, tanzi na sheria

Muhogo uliotiwa sumu hauchagui. Mbwa anaula, kuku wanaula, kunguru anaudondosha kwenye uwanja wa watu, na mzoga wenyewe una sumu kwa atakayeula. Tanzi la waya hunasa mbwa wako na paa wadogo wa vichakani kabla ya nungunungu. Kuchoma moshi au kumwaga petroli shimoni ni hatari kwako: mashimo haya yana milango zaidi ya mmoja, yana nyoka, na mvuke wa petroli hulipuka. Nafthalini na oili chafu hupotea na mvua ya kwanza na kuchafua udongo unaolimia.

Nungunungu ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumwinda, kumtega wala kumiliki sehemu ya mwili wake bila kibali. Nyama yake ni nyamapori. Miiba unayoiokota ukaipamba sebuleni au kuiuza ni nyara za Serikali pia. Iliyotoka mwilini mwa mbwa mwachie daktari au uikabidhi. Hata mnyama akiuawa katika kujihami, taarifa hutolewa na mzoga hubaki mali ya Serikali. Usijenge matumaini juu ya kifuta jasho, yale malipo ya Serikali kwa hasara ya wanyamapori: utaratibu huo umelenga wanyama wakali kama tembo, kiboko na mamba.

Shimo likiwa ndani ya kiwanja chako, usilizibe kwa hasira. Huenda ndani mna watoto, na watazikwa humo wakiwa hai. Simika vijiti vyembamba, unene wa njiti ya kiberiti, mdomoni mwa kila tundu jioni. Alfajiri utazame vilivyoanguka. Usiku tano mfululizo vikiwa vimesimama vyote, shimo ni tupu na unaweza kulijaza mawe na udongo. Vikianguka hata usiku mmoja, shimo lina wenyewe, na hapo ni kazi ya wenye mamlaka.

Anza kwa ofisi ya serikali ya mtaa, ambako utaandikiwa barua ya kwenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya au Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, TAWA. Wao ndio wenye uwezo wa kuruhusu mtego wa kizimba na kumhamisha. Usiende na maneno matupu. Piga picha za nyayo na masalia ya mizizi huku rula ikiwa pembeni ili ukubwa uonekane, andika tarehe za matukio, idadi ya mashina yaliyoliwa kila usiku, na matundu ya shimo yako wapi. Kama mbwa aliumizwa, ambatisha karatasi ya daktari. Majirani watatu wenye hasara hiyohiyo waandike pamoja, maana nungunungu anayechimba kwako saa tatu usiku, saa tisa yuko kwao.